Ruzuku za kuboresha maeneo ya wazi: ipi iombwe kwanza, ipi isubiri

Vikundi vingi vinavyotaka kufufua uwanja wa mtaa, kona iliyokufa au njia ya waenda kwa miguu huanza kwa kuuliza mfadhili gani anatoa pesa nyingi. Swali hilo halisaidii sana. Ruzuku mbili za kiasi kilekile zinaweza kutofautiana kabisa: moja inaingia benki kabla hujanunua hata msumari, nyingine inakutaka utumie za kwako kwanza, uwasilishe risiti, kisha usubiri. Kikundi kisicho na akiba kitaimudu ya kwanza. Ya pili inaweza kukivunja.

Kwa hiyo hapa nimezilinganisha aina kuu za ruzuku kwa mambo yanayouma: pesa inaingia lini, inakudai nini, na nani anabaki na benchi mfadhili akishaondoka. Mifano mingi ni ya Marekani na Uingereza kwa sababu programu za huko huchapisha masharti yake hadharani. Aina zenyewe utazikuta popote, hata kama mfadhili wako ni halmashauri, benki au ubalozi.

Ndogo, isiyo na masharti

Awesome Foundation ilianzia Boston mwaka 2009 kwa utaratibu ambao mtu yeyote aliyewahi kucheza mchezo wa kupeana ataufahamu haraka: watu kumi wanatoa dola 100 kila mmoja, zinapatikana 1,000, anapewa mtu mmoja mwenye wazo zuri. Hakuna ripoti nzito ya matumizi, na si lazima uwe shirika lililosajiliwa. Moja ya ruzuku zake za mwanzo ilitengeneza bembea kubwa ya kulalia iliyowekwa kwenye bustani ya umma ya mji huohuo. Matawi yake sasa yako nchi nyingi na kila tawi hujiamulia.

Dola 1,000 hazijengi kitu cha kudumu. Zinanunua rangi, mbao na viti vya kukunja, na watu hudharau ruzuku hii kwa sababu hiyo. Mimi naiona tofauti, kwa kuwa kinachonunuliwa hapa ni ushahidi. Katika miaka ya 1970 William H. Whyte, mtafiti wa maisha ya mijini, alichunguza viwanja vya New York kwa kamera, akahesabu watu waliko na wanakokaa, na jibu lake kuu likawa jepesi mno: watu huketi palipo na pa kuketi. Tena alibaini kwamba kiti kinachohamishika kina thamani yake, maana mtu hukisogeza hata kidogo tu kabla ya kukaa, kufuata kivuli au kumkaribia mwenzake. Shirika la Project for Public Spaces lilianzishwa mwaka 1975 likiendeleza kazi hiyohiyo.

Mwaka 2009 New York ilipofunga sehemu ya barabara ya Broadway pale Times Square, samani rasmi hazikuwa tayari, hivyo vikawekwa viti vya kukunja vya bei rahisi kama vile vya ufukweni. Watu walivijaza. Mwaka uliofuata mji ukatangaza kwamba eneo lile litabaki la waenda kwa miguu moja kwa moja, na ujenzi wa kudumu ukafuata baadaye. Kikundi chako hakina nguvu za meya wa New York, lakini picha za Jumamosi moja yenye viti na watu waliokaa, zikiwa na hesabu ya watu kwa kila saa, zina nguvu kuliko kurasa kumi za maelezo katika andiko la mradi la mwaka unaofuata.

Udhaifu wake ni mmoja: waamuzi ni watu kumi wenye ladha zao. Wazo la kuchekesha hulishinda wazo la kutengeneza mtaro.

Ya kuchangiana

Hapa mfadhili anakuambia: leta mia, nami nitaleta mia. Seattle ina mfuko wa namna hii tangu 1988, Neighborhood Matching Fund, na uzuri wake ni kwamba mchango wa wakazi si lazima uwe pesa. Saa za kujitolea zinahesabiwa, vifaa vilivyotolewa bure vinahesabiwa, na kazi ya kitaalamu ya mchoraji ramani asiyelipwa inahesabiwa pia. Sanamu ya zimwi la saruji chini ya daraja la Fremont, lililoshika gari halisi la Volkswagen mkononi, ni miongoni mwa kazi zilizosaidiwa na mfuko huo. Ilikamilika mwaka 1990 na watu bado wanaipanda kupiga picha.

Kwa mtaa wenye watu wengi na pesa kidogo, hii ndiyo ruzuku yenye haki kuliko zote, kwa sababu jasho linageuka kuwa hela. Lakini hesabu yake inahitaji nidhamu. Tuseme watu 30 wanafanya kazi saa nne kila Jumamosi kwa Jumamosi tano. Hizo ni saa 600. Nchini Marekani shirika la Independent Sector hutangaza thamani ya saa moja ya kujitolea. Kwa mwaka 2023 ilikuwa dola 33.49. Zidisha, unapata dola 20,094. Kikundi ambacho hakijawahi kushika dola elfu mbili kinaweza kuandika mchango wa elfu ishirini bila kudanganya.

Shida ni kuuthibitisha. Daftari la mahudhurio linahitaji tarehe, jina, kazi iliyofanyika, saa ya kuingia, saa ya kutoka na sahihi. Bila saa ya kutoka, mkaguzi hana cha kuzidisha. Sahihi zote zikiwa za mwandiko mmoja, mtakatwa. Na daftari hilo hulijazi nyumbani jioni. Linakaa mezani pale uwanjani, na mtu mmoja kazi yake siku nzima ni hilo tu. Huyo naye saa zake zihesabiwe.

Kabla ya kuomba, ulizia mambo mawili kwa maandishi. Je, saa zilizofanywa kabla ya kusaini mkataba zinakubalika? Mara nyingi jibu ni hapana, na vikundi vilivyosafisha uwanja kwa mwezi mzima kabla ya barua ya kukubaliwa hupoteza mchango wote huo. Je, kiwango cha saa ni kimoja kwa kila kazi, au fundi umeme anayejitolea kwa fani yake anahesabiwa kwa bei ya fani hiyo? Tofauti inaweza kuwa kubwa.

Changizo la mtandaoni lenye mfadhili nyuma yake

Hii ni ndugu ya ile ya juu, ila hapa mchango wa wakazi lazima uwe pesa na uonekane hadharani. Michigan ilianzisha mpango wake wa Public Spaces Community Places mwaka 2014 kupitia jukwaa la Patronicity: kikundi kinatangaza lengo, watu wanachanga, na lengo likifikiwa ndani ya muda, jimbo linaongeza kiasi sawa na hicho. Lisipofikiwa, jimbo halitoi. London nayo, kupitia ofisi ya meya na jukwaa la Spacehive, imewahi kuahidi fedha kwa miradi ambayo wakazi wenyewe walikuwa wameanza kuichangia.

Faida yake haimo kwenye pesa peke yake. Watu 300 waliotoa kidogo kidogo ni watu 300 watakaouliza mbona taa haiwaki, na ni hoja nzito mbele ya diwani. Hasara yake ni kwamba mitaa yenye watu wenye kadi za benki na marafiki wenye mishahara hufika kwenye lengo haraka. Mtaa maskini unaohitaji uwanja zaidi unaweza kushindwa huku umma wake wote ukiuunga mkono. Kama kikundi chako kiko upande huo, rudi kwenye ile inayohesabu jasho.

Kuna na jambo jingine la kuangalia, nalo ni kile hasa pesa itakachonunua. Mwaka 2015 wakazi wa Peckham, London, walikusanya zaidi ya pauni 75,000 kutoka kwa wachangiaji zaidi ya 900 kwa ajili ya Peckham Coal Line, wazo la bustani ndefu kando ya njia ya zamani ya reli ya makaa ya mawe. Ulikuwa ushindi mkubwa wa harambee. Pesa zile zilikuwa za upembuzi yakinifu, yaani kuchunguza kama wazo linawezekana, si za kujenga, na waandaaji walilisema wazi. Ukichangisha kwa ajili ya upembuzi, fanya hivyohivyo: neno "upembuzi" liwe kwenye kichwa cha tangazo na lisifichwe aya ya sita, la sivyo mwaka unaofuata kila utakayekutana naye atakuuliza bustani iko wapi.

Wafadhili wenye ajenda yao

Taasisi za hisani na kampuni hutoa pesa za kutosha, lakini kwa jambo lao. Hilo si baya. Baya ni kulipindisha wazo lenu mpaka lifanane na lao.

Bloomberg Philanthropies, kupitia Asphalt Art Initiative, imekuwa ikitoa hadi dola 25,000 kwa mji kwa ajili ya michoro juu ya lami, kwenye vivuko na pembe za njia panda. Ajenda yake ni usalama barabarani, na ina ushahidi: uchambuzi uliotolewa mwaka 2022 kuhusu maeneo 17 ya Marekani ulionyesha ajali zinazohusu waenda kwa miguu na watumiaji wengine wasio na kinga zilipungua kwa asilimia 50. Kama shida yenu ni kivuko ambacho madereva hawasimami, ruzuku ya aina hii inawafaa kuliko nyingine yoyote. Kama shida yenu ni kivuli na pa kukaa, mtaishia na mchoro mzuri juani. Tena kwa kuwa barabara ni ya serikali, hamwezi kwenda peke yenu. Mji lazima uwe ndani tangu fomu ya kwanza. Na rangi inayokanyagwa na magurudumu hufifia. Nani atarudia kupaka, kwa bajeti ipi?

AARP, shirika la Wamarekani wenye umri wa miaka 50 na zaidi, ina Community Challenge tangu 2017. Inapenda miradi ya haraka inayokamilika ndani ya mwaka uleule: mabenchi, njia laini za kupita, vivuko. Hapa anayeshinda ni kikundi chenye kibali mkononi, maana muda hautoshi kuanza kukitafuta. T-Mobile, kampuni ya simu, ilianzisha Hometown Grants mwaka 2021, hadi dola 50,000 kwa miji midogo isiyozidi wakazi 50,000. Kwa mji mdogo ambao haujawahi kumvutia mfadhili, sharti la udogo ni neema.

Kwa kampuni, soma kipengele cha nembo kabla ya kipengele cha kiasi. Bango litakuwa na ukubwa gani, litakaa miaka mingapi, na likichakaa nani ataling'oa? Uwanja wa umma unaogeuka ukuta wa matangazo huanza kuonekana wa mtu binafsi, na wakazi huacha kuutunza.

Kubwa, ya serikali, ya kurejeshewa

Mfano ninaoutumia ni Our Town, mpango wa National Endowment for the Arts (NEA), taasisi ya serikali ya Marekani inayofadhili sanaa, ulioanza 2011. Umekuwa ukitoa kati ya dola 25,000 na 150,000, ukidai mchango sawa kutoka kwa mwombaji, dola kwa dola, na ushirika kati ya shirika lisilo la faida na serikali ya mtaa, huku mmoja wao akiwa taasisi ya sanaa au utamaduni. Shirika limekuwa likitakiwa kuwa na historia ya kazi ya miaka kadhaa. Usajili kwenye mfumo wa serikali wa SAM.gov ni wa bure, lakini unaweza kuchukua wiki kadhaa, na anayeukumbuka siku chache kabla ya mwisho wa maombi amechelewa.

Pesa hizi zina sifa zake. Zinatosha kumlipa msanii vizuri, kufanya mikutano ya kweli na wakazi, na kulipa sehemu ya gharama za ofisi: tangu Oktoba 2024 kanuni za ruzuku za serikali kuu ya Marekani zinamruhusu mpokeaji asiye na kiwango alichokubaliana na serikali kudai gharama hizo za ofisi hadi asilimia 15 ya gharama za moja kwa moja za mradi zinazohesabika, kutoka 10 ya zamani. Wafadhili wadogo wengi hawalipi hata kodi ya chumba mnachokutania.

Sasa tazama mzunguko wa pesa. Pale mkataba unapokuwa wa kurejeshewa, seremala anataka nusu ya malipo kabla ya kukata ubao, na ana haki, mkono mtupu haulambwi. Unamlipa kwa pesa za kikundi. Anakabidhi kazi mwezi wa pili, unamalizia nusu ya pili. Unakusanya risiti na kupeleka dai. Dai linarudishwa kwa sababu risiti moja haina tarehe. Unalipeleka tena. Wakati huo fundi wa taa naye anataka chake cha kuanzia. Mradi wa dola 40,000 unaweza kuhitaji 15,000 zinazozunguka muda wote bila kukauka, na hizo haziko kwenye ruzuku. Kama hamna, tafuteni taasisi mwamvuli yenye mtaji ipokee ruzuku kwa niaba yenu, ikate asilimia yake, iwabebee mzunguko. Asilimia hiyo inauma, lakini haiumi kama kumkimbia seremala mtaani kwenu.

Hatari nyingine ni siasa. Mei 2025 taasisi nyingi za sanaa Marekani zilipata barua pepe kutoka NEA za kusitishiwa au kuondolewa ruzuku ambazo tayari zilikuwa kwenye mipango yao. Aliyekuwa ameshatumia akitegemea kurejeshewa alilala macho. Na si serikali tu: ArtPlace America, mfuko mkubwa wa taasisi za hisani kwa miradi ya namna hii, uliundwa tangu mwanzo uwe wa miaka kumi, na ulifungwa mwaka 2020 kama ulivyopangwa. Mfuko mkubwa leo si ahadi ya mwaka kesho kutwa.

Msaada ambao si hundi

Msaada huu watu hawausahau tu, hata wanaukataa. UN-Habitat, shirika la Umoja wa Mataifa la makazi, ilianza Block by Block mwaka 2012 pamoja na Mojang, watengenezaji wa mchezo wa kompyuta wa Minecraft: wakazi wanakaa mbele ya kompyuta, wanajenga uwanja wao kwa matofali ya mchezo, wanabishana, wanabomoa, wanajenga tena, kisha wataalamu wanaugeuza kuwa michoro halisi. Uwanja wa Silanga pale Kibera, Nairobi, ni kati ya maeneo yaliyopitia njia hiyo. Kijana ambaye asingesema neno katika mkutano wa wazee anasogeza geti kwa kipanya na wote wanaona.

Kikundi kilichopewa mchoro wa kitaalamu, makadirio ya gharama na barua ya halmashauri kimepata kitu ambacho kingekula pesa nyingi za ruzuku. Na kwa mfadhili anayefuata, michoro iliyokubaliwa na wakazi ni nusu ya maombi.

Bajeti shirikishi niitaje kwa kifupi, kwa sababu si ruzuku. Ilianzia Porto Alegre, Brazili, mwaka 1989, na inawapa wakazi kura juu ya sehemu ya bajeti ya mji. Palipo na utaratibu huu, uzuri wake mkubwa ni kwamba kitu kinachojengwa kinakuwa mali ya mji, na matunzo yake yanaingia kwenye hesabu za mji.

Kwa hiyo, ipi?

Kikundi kipya, kisicho na usajili wala akaunti: omba ile ndogo isiyo na masharti, au mpango wa msaada wa kitaalamu. Usiiguse ya kurejeshewa hata ukiombwa ujiunge.

Kikundi chenye watu wa kutosha wa kufanya kazi kwa mikono, na akaunti ya benki inayohitaji sahihi mbili: ya kuchangiana inayohesabu jasho. Hapa ndipo vikundi vingi vingebaki miaka miwili mitatu bila hasara yoyote, na naona ajabu jinsi vinavyoharakishwa kupita.

Changizo la mtandaoni ni la mtaa wenye mtandao wa watu wenye kipato na mtu mmoja asiyechoka kutuma ujumbe. Ya kampuni au taasisi ya hisani ni pale ambapo mngefanya jambo hilohilo hata kama mfadhili huyo asingekuwepo. Ile kubwa ni ya shirika lenye mhasibu.

Aina zote hizi zina pengo moja linalofanana: karibu hakuna inayolipia matunzo. Kabla ya kutuma ombi lolote, pata barua ya mmiliki wa ardhi inayosema mambo matatu: anaruhusu, kitu kitakachojengwa ni mali ya nani, na nani anafagia, anapaka rangi na kubadilisha taa kwa miaka mingapi. Mwenye ardhi akikubali mawili ya kwanza na kukwepa la tatu, punguzeni mradi mpaka ufike kiwango mnachoweza kukitunza wenyewe kwa michango ya kawaida. Benchi tatu zinazopakwa rangi kila mwaka zinatosha uwanja mdogo.

La mwisho ni kuhusu kuunganisha ruzuku. Mnaweza kutumia moja kuwa mchango wa nyingine, na vikundi vyenye uzoefu hufanya hivyo, ila si kila pesa inakubalika. Marekani, kwa kawaida fedha za serikali kuu haziwezi kuwa mchango dhidi ya fedha nyingine za serikali kuu, wakati za jimbo, za hisani na za wakazi zinaweza. Saa zilezile za kujitolea pia hazihesabiwi kwa wafadhili wawili. Kwenye daftari la mahudhurio ongezeni safu moja, ya jina la ruzuku ambayo saa hizo zinaihusu, na muijaze siku ileile.